Wenye Hisa wa Bombambili

Nilifika Songea nikiendesha gari la watu. Lilikuwa hadtopu jeupe, gari refu la barabara mbovu, limeshushwa bandarini Dar es Salaam, na mimi nilikodiwa nilifikishe kwa wenyewe, nikabidhi funguo, kisha nirudi na basi la kesho yake. Nauli ya kurudi nilipewa kabisa kwenye bahasha. Njiani nilikaa siku mbili. Mlima Kitonga nilipanda nyuma ya malori yaliyokwenda kama mtu mwenye goti bovu, Makambako nikapumzika, Njombe nikakuta ukungu mzito hata nikawasha taa saa tatu asubuhi. Baada ya hapo barabara inashuka, baridi inaachia, udongo unakuwa mwekundu na mahindi yanasogea mpaka karibu na lami. Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Tangu nimalize kidato cha nne sikuwahi kukaa mji mmoja zaidi ya miaka mitatu, na kila mji niliouacha niliupenda zaidi nikiwa nimeshaondoka.

Wenye gari walikuwa wananisubiri mtaa wa Bombambili, nje ya nyumba ya mwenyekiti wao. Nilitegemea kumkuta tajiri mmoja. Nikakuta watu wapata thelathini, wengi wametoka kanisani, bado wamevaa nguo za Jumapili. Wote hao ndio waliokuwa wenyewe. Walianzisha kampuni ya kukodisha magari, kila mmoja akanunua hisa kwa uwezo wake: walimu wastaafu, wauguzi, wakulima wa Maposeni, na mzee mmoja wa tumbaku aliyetoka Namtumbo kwa pikipiki, kofia yake ya Kiislamu haijasogea hata kidogo. Hilo lilikuwa gari lao la nne. Walilizunguka, wakaligonga bodi kwa vidole. Mama mmoja mnene alifungua mlango wa nyuma, akapima kwa macho, akaniuliza, "Dereva, ukikunja hivi viti, mtu analala akanyooka?"

"Ananyooka, mama. Hata akiwa mrefu."

Wakatazamana, wakaridhika. Nilidhani wanawafikiria wagonjwa, au watalii.

Bahasha ya nauli nilinunulia godoro. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliniomba nibaki niwe dereva wao, na yule mama aliyepima kwa macho akanipangisha chumba cha uani. Alikuwa muuguzi mstaafu, mjane, na watoto wake walikuwa mbali. Kiinua mgongo chake karibu chote kilikuwa ndani ya zile hisa. Aliniambia mwenyewe wiki ya kwanza, anachambua maharage.

"Na gawio mmeshapata, mama?"

"Bado."

"Tangu lini?"

"Tangu tuanze."

Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua bado, na akaendelea na maharage yake. Hapo ndipo hamu ya kujua iliponishika. Nimeona kampuni zikifa Kahama na Tunduma, na kila mara nilijua nani kaila. Hapa hakuna aliyekula. Mwenyekiti alikuwa anakuja kwenye vikao kwa baiskeli, suruali ameifunga kwa kamba chini ili isiingie kwenye mnyororo.

Vikao vilikuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, kwenye mabenchi barazani kwake, na jagi la togwa katikati. Waliichambua kampuni kama mgonjwa. Mwenyekiti alisema tatizo ni ule mradi uliokuwa unakodi magari mawili kwa mwezi, ambao uliisha ukaondoka. Mzee wa tumbaku alisema ni mafuta. Mwingine alilaumu bodaboda. Kila mara yupo aliyeuliza kama si afadhali kuuza hisa kabla hazijawa karatasi za kufungia vitumbua, na kila mara akajibiwa kuwa hata kahawa hukaa miaka haijatoa kitu. Halafu wanakunywa togwa, wanaondoka, na hakuna aliyeuza.

Mimi nilikuwa nalijua jambo moja ambalo hawakulitaja. Wateja walikuwa wanakuja. Aliwahi kuja mpima barabara akitaka gari la siku tatu kwenda Tunduru, pesa mkononi. Walikuja wageni wa misheni waliotaka kufika Mbamba Bay. Jibu langu lilikuwa lile lile: gari liko msibani. Mwanzoni walipoanzisha kampuni waliandika kwamba mwenye hisa akifiwa, gari ni lake mpaka matanga yaishe, na mafuta ni ya kampuni. Hawakuandika ndugu anaishia wapi. Songea hiyo, watu wameoana huku na huku miaka mingi, kila marehemu ana mwenye hisa anayemwita shangazi. Kila Jumatatu nilikuwa nafungua matawi yaliyonyauka kwenye bampa, yale ya kuonyesha kwamba gari limebeba msiba, na nilikuwa na rundo lake nyuma ya karakana.

Siku moja nilimuuliza mwenyekiti kwa nini wasibadilishe. Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini wasile watoto.

"Mtu amefiwa, dereva. Nimfuate kule kwenye kilio nimwambie alipie?"

"Lakini mzee wa tumbaku mwaka huu amezika shangazi watatu."

"Hilo nilimwambia. Akasema babu yake alizaa sana."

Baada ya mavuno akaja mnunuzi. Alikuwa mfanyabiashara wa mahindi wa pale pale mjini, rika langu, mpole, na alimpa shikamoo kila mzee mmoja mmoja. Alitaka hisa zote. Bei yake ilikuwa nusu ya ile waliyonunulia, na aliwapa mpaka kikao kinachofuata waamue. Magari angeyaingiza kwenye kazi zake na mengine angekodisha, na utaratibu wa misiba ungeisha.

Juma hilo mama aliniita jikoni, akanisogezea kigoda.

"Wewe ndiye unayelala chini ya hayo magari. Nikiuza napata nusu. Nisipouza?"

Nilimwambia ukweli. Magari mawili yalikuwa yanakunywa oili kuliko petroli. La tatu lingejikongoja kidogo. Jeupe lilikuwa zima, likipumzishwa. "Uza, mama. Leo unapata nusu, mwakani hupati kitu."

Alisukuma kuni ndani.

"Ulifikiri nilinunua faida?"

"Sasa ulinunua nini?"

"Mimi kwetu Mbesa, kule mbele ya Tunduru. Mama yangu yuko pale, na mtoto wangu wa kwanza yuko pale, alifariki ana miezi minane. Hapa nina majirani. Nikifa watanizika hapa hapa, tena vizuri, na kwaya. Sitaki." Alifuta mikono kwenye kitenge. "Kutoka hapa mpaka Mbesa na maiti, unajua watakavyowadai wanangu? Hawana. Watalia, watasema mama atatuelewa. Mimi sitaki kuelewa."

Nilikuwa nimekaa nao mwaka mzima nikijiuliza kwa nini hawauzi. Jibu lilikuwa limesimama nyuma ya gari siku ile ya kwanza, likipima kwa macho. Nikakumbuka na wengine walivyoridhika. Lakini bado nilitaka kujua angefanya nini, kwa sababu hata hilo gari lisingekuwepo kama kampuni ingekufa. Aliniambia tusubiri Jumapili.

Jumapili ile hata wasiohudhuria walihudhuria. Mnunuzi alileta mikataba iliyopigwa chapa. Alieleza vizuri, bila kudharau mtu, na nikaona vichwa vinaanza kukubali. Mama akanyoosha mkono.

"Mimi nauza. Ila niandikie humo: siku nikifa, gari lako linanipeleka Mbesa. Bure."

Mnunuzi alicheka, kisha akaona kwamba mama hacheki. "Sawa, mama. Mtu mmoja, si neno." Akaandika kwa kalamu pembeni ya mkataba.

Mzee wa tumbaku akavuta benchi mbele. "Na mimi andika. Namtumbo, karibu tu. Ila sisi Waislamu hatungojeshwi, sawa? Usije ukasema gari liko Mbinga, marehemu asubiri kesho."

"Na mimi Maposeni," akasema mkulima mmoja. "Na mke wangu."

"Wake zako ni wawili," mwenyekiti akamkumbusha.

"Andika wote. Yule mkubwa haumwiumwi, hatakusumbua mapema."

Watu wakacheka, lakini foleni ikawa imeshaanza. Huyu anataka na mama yake mkwe aliye Ruhuwiko, yule anauliza kama mafuta yamo. Mwenyekiti, mwalimu hadi mwisho, akachukua kalamu aanze kupanga majina kwa umri. Mzee wa tumbaku akamwambia ajiweke wa kwanza, kwani kwa umri ule hana haja ya kupanga foleni. Mnunuzi alikuwa ameacha kuandika. Alitazama lile benchi la mbele, nywele zote nyeupe.

"Wazee wangu," alisema, "mimi nimekuja kununua magari. Ninyi mnaniuzia misiba."

Alisubiri labda mtu atacheka. Hakuna. Akamaliza togwa yake, akakunja mikataba, akawaaga kwa heshima ile ile aliyokuja nayo.

Nilimkasirikia mama njiani kurudi. Nilimwambia angeuza akanyamaza, nusu ingekuwa mkononi. Akanijibu kwamba nusu hiyo isingemfikisha hata Tunduru mjini. Kisha, baada ya hatua kadhaa, akakiri kwamba alikuwa ameogopa; aliposikia mnunuzi amekubali upesi vile, aliona ahadi hiyo haina uzito, haitatimizwa. Waliposema wote na mnunuzi akaacha kuandika, ndipo alipoona ina uzito.

Miezi miwili baadaye wenye hisa waliuza magari matatu. Aliyeyanunua ni mnunuzi yule yule, magari matupu, bila mtu yeyote ndani ya mkataba. Pesa wakagawana, kila mtu akapata kidogo sana. Jeupe wakalibakiza, wakafuta neno kukodisha ubavuni kwa rangi isiyolingana, na safari hii waliandika ndugu anaishia wapi: mwenye hisa, mwenza wake, na mtu mmoja anayemtaja. Kuhusu hilo walibishana Jumapili tatu.

Kabla sijamaliza kazi, mama aliweka mafuta kwa pesa yake akaniambia nimpeleke Mbesa.

"Nataka niione njia nikiwa nimekaa," alisema.

Alikaa mbele, mkoba mapajani. Alihesabu madaraja. Mahali penye mashimo aliniambia hapa dereva apunguze, siku hiyo asisahau, kama vile siku hiyo ningekuwa mimi. Mbesa tulikuta magugu yamefunika mawe mawili madogo. Akayang'oa kwa mikono, hakutaka nimsaidie, kisha akasimama akapima kwa macho nafasi iliyokuwa pembeni. Tuliporudi garini akaniuliza kama na mimi nisingenunua hisa moja, wangeniuzia.

"Nitawaambia wanipeleke wapi, mama?"

Aliwaza, kwa kweli aliwaza, mpaka tukafika Tunduru.

Gari moja lisilokodiwa halihitaji dereva wa mshahara. Vijana wao wangeliendesha kwa zamu. Nami nilishaanza kuikumbuka Tanga. Niliondoka Jumapili, kwa sababu nilitaka kuwaaga wote barazani. Nikakuta hawana nafasi nami. Mwenye hisa mmoja alikuwa amehamia Dodoma kwa mwanawe na anauza za kwake, na watu wanne walikuwa wanazigombea, wawili wao hata hawakuwa wanachama. Bei ilikuwa imeshapita ile waliyonunulia mwanzo. Mwenyekiti alikuwa anapiga meza, anaomba wazungumze mmoja mmoja. Mama aliniona mlangoni na begi langu, akanipungia mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameunyoosha juu, anataka kuongeza bei. Alikuwa anamtafutia binti yake nafasi kwenye lile jeupe.