Upande wa Mama Kwenye Picha

Juzi kijana wangu alinijia studio, hapa mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu, simu mkononi, anatabasamu kama aliyeokota ng'ombe. "Baba, nimemrudisha bibi." Nikavaa miwani. Ilikuwa picha yetu ya zamani, aliyomo mama yangu, bibi yake.

Ngoja nikueleze picha yenyewe ilivyopigwa. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imeanza kupanda huku milimani. Nilikuwa mdogo, kwetu Lufingo. Babu aliuza chai yake vizuri, akaita mpiga picha kutoka mjini. Tangu asubuhi nyumba ilinukia ndizi na maziwa ya mgando. Bibi yangu alitusugua miguu kwa gunzi mpaka ikawasha.

Kazi yangu ya kila siku ilikuwa kumtangulia babu nikikohoa. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe. Mama akisikia kikohozi changu, anaacha njia, anachutama migombani na kanga kichwani mpaka babu apite. Hapakuwa na ugomvi. Ndiyo heshima, na mama aliijua.

Mpiga picha alikuwa mtu wa kuja. Mwanga aliujua, hilo simnyimi: alikataa jua la utosini, akangoja ukungu ushuke, akatupanga karibu na ukuta wa chokaa ili nyuso zing'ae. Kisha akasogeza viti. "Mama, kaa hapo na mzee."

Mama akachutama pale pale alipoonyeshwa, akageuza mgongo, akajifunika.

"Mama, hii ni picha, siyo msiba. Funua uso."

Shangazi akamjibu, "Fundi, hapo utangoja mpaka chai izae ndizi." Majirani wakacheka. Babu, macho yake migombani, akasema, "Piga hivyo hivyo."

Basi ikatoka: sote tunang'aa, na ubavuni kwa babu furushi la kanga. Shuleni niliionyesha kwa maringo, kidole gumba kimeziba furushi. Mwenzangu akauliza, "Mama yako yuko wapi?" Nikasema alikuwa jikoni. Aibu ile nilikua nayo.

Ndiyo iliyonitia kwenye kazi hii, nisikufiche. Shule sikumaliza, na mwanga sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuharibu filamu zangu mwenyewe. Ukungu wetu ni taa isiyonunuliwa. Weka kamera usawa wa macho, mgeuze mtu bega kidogo, usimbanie nafasi kichwani. Na kijana wangu nilimkaririsha: picha ni uso, uso ukipotea, umepiga nguo.

Sasa ananiuliza nimekasirikia nini. Amechukua uso wa mama kwenye picha yake ya uzeeni, akafuta mikunjo, akaupandikiza pale penye furushi. Kivuli amekiweka upande unaotakiwa. Kazi safi, mimi mwenyewe nisingeiweza. Na mama amekaa bega kwa bega na baba mkwe wake, kichwa wazi, anatutazama.

"Nataka tuichapishe kubwa, siku ya kujengea kaburi lake," akasema. "Watu waone bibi alivyokuwa mzuri."

"Watamwona uchi."

Akacheka, akidhani natania. Simlaumu. Hajawahi kumkoholea mtu. Ile njia ya migombani leo ni ya bodaboda, wakwe wanakula meza moja, na wakija studio ni mimi ninayewaambia wasogeane, nami napokea hela yangu. Aliyejua mama alikuwa anafanya nini pale chini, kwetu, nimebaki mimi. Na mimi ndiye niliyesema alikuwa jikoni.

Nikamwambia aifute.

"Nimeshaituma kwenye kundi la ukoo, baba. Wote wameipenda."

Nilibaki nimeishika simu yake, na kidole gumba, bila kutumwa, kikaenda kumfunika mama, pale pale kilipozoea.