Maji ya Mgongo wa Mireille

Nilipokuwa mtoto, kwetu Lubumbashi hakuna aliyebisha kwamba mtu akitolewa maji ya mgongo hapati kupona sawasawa. Maji yale ndiyo uzima wenyewe, walisema. Kambo, mama yake mama, alikuwa na majirani wa kutaja: waliingia hospitalini, wakachomwa ile sindano ya mgongo, wakatoka wamefunikwa shuka. Kwamba huenda walichomwa wakiwa wamekwisha kuchelewa, hilo halikuzungumzwa.

Kisha mdogo wangu Mireille akashikwa na homa. Shingo ikakakamaa; ukimwinua kichwa, mgongo wote unafuata. Daktari akaanza kumpa dawa kwa kubahatisha, akaomba maji kidogo ya mgongo. Alikuwa na kipimo kipya, kijikaratasi kinachochovywa na kutoa mistari kwa robo saa tu, ajue ni mdudu gani na dawa gani hasa. Papa, baba yetu, akakubali. Lakini kwa watu wa Kambo mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mwisho ni la yomba, kaka yake mama. Yomba alikuwa Kilwa, si ile ya pwani bali ya huku kwetu. Tukamngoja, na ubovu wa barabara ile unajulikana.

Nilizunguka kwenye korido mpaka wakanifukuza. Nilitaka kumtikisa mtu, sikujua nani.

Yomba alifika kesho yake, vumbi mpaka kwenye kope. Akavaa miwani, akakigeuzageuza kile kijikaratasi, akamhoji daktari kwa Kifaransa cha suti na tai. Kambo akamkatiza.

“Mwana wangu, sema tu. Lakini mujue: mukitosha ile maji, mutanirudishia mutoto nusu.”

Mama hakumngoja kaka yake ajibu.

“Hata nusu, njo yangu. Mutoshe.”

Wakayatoa. Mistari ikatokea, dawa ikabadilishwa. Mireille akapona. Ila hasikii.

Kwa hiyo, machoni pa majirani, Kambo alikufa akiwa amesema kweli. Mimi nimesoma, najua kilichokula masikio ni ugonjwa, si sindano. Kama na yale masaa ya kumngoja Yomba yalikula sehemu yake, hakuna kipimo cha kunijibu. Nikiwaeleza majirani, wananionyesha Mireille: si unamuona? Nakasirika, naanza upya.

Mama hakuwahi kubishana nao. Alijifunza kuongea kwa mikono, na akiwa jikoni na Mireille, wale wawili hawanyamazi.