Sifuri moja ilivyomgeuza shangazi kuwa mgonjwa mwingine

Saa mbili asubuhi, ofisi bado inanukia sabuni ya kupigia deki. Mama Sifuri, kama wenzake wanavyomwita, amevua viatu chini ya meza. Anafuta mstari mmoja kwenye kompyuta, anaandika mwingine, anaujaribu. Jibu linakuja jekundu. Anaguna, anaanza upya.

Kazi yake ni kurekebisha programu inayotafuta taarifa kwenye hifadhidata. Ikiulizwa swali, programu hukisia kwanza: haya ni maneno au ni namba? Ikikisia vibaya, jibu zima huenda kombo.

"Nilidhani makosa yetu huishia kuwaudhi wahasibu wanaoitumia programu," anasema.

Mwaka jana alimpeleka shangazi yake hospitali, mguu umevimba kwa kidonda. Muuguzi alisoma skrini, akavuta dawa kwenye sindano. Shangazi akarudisha mkono.

"Mwanangu, hiyo si penisilini? Iliwahi kunizimisha, nusura nife."

"Mama, hapa panasema dawa zote zinakufaa." Muuguzi akasoma tena, sauti ikashuka. "Na panasema wewe ni mwanamume."

Mama Sifuri alisogea kuangalia. Namba ya kadi ya shangazi ilianza na sifuri. Kwenye skrini sifuri haikuwepo. Programu ilikuwa imeidhania kuwa ni namba ya kuhesabia, ikaitupa sifuri ya mbele, ikaleta taarifa za mtu mwingine kabisa. Pembeni ilikuwepo nembo ya kampuni anakofanya kazi yeye.

"Nilimwambia muuguzi hiyo ni programu yetu," anakumbuka.

"Wako wangapi hivi?" muuguzi alimuuliza.

"Sijui, dada. Zimeni hizo skrini."

Zilizimwa. Kila mgonjwa akaulizwa kwa mdomo, huku yeye na wenzake wakisaka kosa. Walipolipata, walikuta wagonjwa zaidi ya thelathini wamechanganywa. Mmoja, fundi cherehani, alikuwa ameshachomwa dawa isiyomfaa. Alipoteza fahamu, akalazwa chumba cha mahututi. Alipona, ila mkono mmoja bado unatetemeka.

Mama Sifuri alienda kumwona nyumbani.

"Hakunigombeza. Aliniuliza tu, 'Kama programu haikujua, kwa nini haikuuliza?'"

Sasa hicho ndicho anachokiandika: programu ikiwa na shaka, isimame iulize.

"Bosi anasema itapunguza kasi," anasema, akirudi kwenye skrini. "Nimemwambia ipungue."