Jiko Katikati ya Miradi Miwili

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hakuna kinachozichokoza kama kompyuta kuniambia haioni kitu ninachokiona kwa macho yangu mawili. Wiki hiyo iliniambia hivyo kila siku. Kila nilipojaribu kuijenga programu yetu iliandika kwa maandishi mekundu kwamba kuna sehemu haikupatikana, na kila mara niliijibu kwa sauti, kwa lugha yetu ya Ekegusii, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mama mkwe wangu anajua kusoma.

Nilikuwa nikifanyia kazi nyumbani Kiogoro, katika boma la wakwe zangu. Kampuni ninayoiandikia programu iko Nairobi, na baada ya kujifungua niliiomba iniruhusu nibaki huku. Mkuu wangu alikubali shingo upande. Sasa alikuwa ametoa sharti: Ijumaa mchana mteja angeonyeshwa mfumo mpya, na kama ungekataa kusimama, ningerudi kukaa ofisini kama wengine. Kurudi kulimaanisha kuhama na binti yangu, ambaye bado alikuwa ananyonya, na kumwacha mume wangu, mwalimu huko Masimba, akila ugali peke yake. Maisha ya kuonana mwisho wa mwezi nilikuwa nimeyaona kwa dada zangu, na sikuyataka hata kidogo.

Mfumo wenyewe ulikuwa wa watu wanaosafirisha vifurushi. Tuliugawanya katika miradi kadhaa midogo, kila mmoja na kazi yake. Mmoja ulipokea vifurushi. Huo niliuandika mimi. Mwingine ulimtumia mteja ujumbe kwa simu kwamba mzigo wake umefika Keroka, aje auchukue. Huo uliandikwa na mwenzangu aliye Nairobi. Kuijenga programu ni kuipa kompyuta miradi hiyo yote iiunganishe kwa mpangilio, unaotegemewa utangulie, unaotegemea ufuate. Mpangilio ukiharibika, hakuna kinachosimama.

Nilimpigia mwenzangu. Alinijibu huku akitafuna kitu.

"Kwangu inarun poa tu," akasema. "Hiyo shida iko kwako, cheki net yako."

Basi nikaicheki. Nilibadilisha laini, nikailaumu mvua, nikabeba laptopu hadi kule juu penye mparachichi ambako mtandao una nguvu, nikafuta kila kilichohifadhiwa na kukipakua upya. Maandishi mekundu yalirudi yaleyale. Angeniambia niimwagie kompyuta maji, nafikiri ningeimwagia.

Hapa lazima nieleze jambo. Tata, ndivyo ninavyomwita baba mkwe wangu, haingii nyumbani kwangu. Si kwa ugomvi. Ni chinsoni, heshima ya Abagusii kati ya mzee na mke wa mwanawe, na yeye huishika bila mchezo. Tukikutana njiani tunasalimiana vizuri, kila mmoja akiangalia kando. Akiwa na neno hulipeleka jikoni kwa mama, mkewe, na mama huniletea. Wiki hiyo neno lilikuwa lilelile: je, mashine imepona? Nilidhani anauliza kwa adabu tu, nikawa namrudishia jibu kwa njia hiyohiyo, kwamba bado.

Alhamisi asubuhi niliacha kumwamini mwenzangu, nikaufungua mradi wake nisome unadai nini kwa miradi mingine. Nikakuta mstari alioongeza karibuni. Ulidai mradi wangu, tena toleo ambalo mimi sijawahi kulitoa. Ilikuwa nakala aliyojitengenezea kwenye laptopu yake, akaisahau humo. Kwake ilikuwepo, na kwa watu wengine wote duniani haikuwepo. Nilipiga meza kwa furaha mpaka mtoto akashtuka. Nikaufuta mstari ule, nikauelekeza mradi wake kwenye wangu halisi, nikabonyeza.

Kompyuta ikakataa tena, ila sasa kwa maneno mapya. Ilisema miradi miwili inazungukana. Wangu ulihitaji wake ili mteja atumiwe ujumbe, na wake ulihitaji wangu ili ujue kifurushi ni cha nani na namba yake ya simu ni ipi. Hakuna ambao ungeweza kutangulia. Kwa sisi wa kazi hii kosa jipya ni habari njema, maana yake umesogea. Lakini kusogea si kufika, na Ijumaa ilikuwa kesho.

Nikatoka mlangoni nipate hewa, mtoto kiunoni. Tata alikuwa akipanda kutoka shambani na kichana cha ndizi mbivu. Mlango wangu ndio ulio karibu na migomba. Binti yangu akamnyooshea mikono na kumpigia kelele. Naye akatabasamu akiyaangalia majani chai ya shambani, akatupita, akapanda mteremko wote hadi jikoni kwa mama, akaziacha ndizi, akaenda zake. Nami nikangoja apotee, nikaupanda mteremko uleule kuzifuata, na nikaiacha pale chupa yake ya chai niliyokuwa nimemjazia. Mwaka wangu wa kwanza bomani mambo haya yaliniudhi kweli. Niliona ni kuchosha miguu bure.

Siku hiyo nilisimama jikoni na kichana mkononi, nikaanza kucheka peke yangu. Mama akaniuliza kama nina homa. Tata hahitaji kuingia kwangu, wala mimi kwake. Tunachoshirikiana kinakaa mahali pa tatu, na kila mmoja anapafikia kwa wakati wake. Nilimwachia mama mtoto na ndizi zote, nikauteremka mteremko mbio, kandambili moja ikabaki njiani.

Nilianzisha mradi wa tatu, mdogo kabisa. Nikauwekea yale tu ambayo miradi yote miwili ilihitaji kuyajua: jina la mteja, namba yake, alama za kifurushi chake. Huo haukuutegemea mwingine wowote. Nikaiambia miwili ile, wangu na wa mwenzangu, ichukue huko na iache kuingiliana. Nikauita Jikoni. Jioni yote na Ijumaa asubuhi nilikuwa nikirekebisha sehemu zilizozoea kuulizia mambo mahali pa zamani, na sikumbuki kazi iliyowahi kunipa raha kiasi hicho.

Mama alikuwa ameshaanza kupika chakula cha Sabato ya kesho nilipozifuta nakala zote za zamani, pasiwe na kitu cha kunidanganya, nikabonyeza. Jikoni ukatangulia. Wa mwenzangu ukafuata, kisha wangu, kisha mingine yote. Hakukuwa na neno hata moja jekundu. Niliituma Nairobi, nikakaa nimeshika simu kwa mikono miwili. Mchana mkuu wangu akapiga kusema kwamba mteja ameridhika, na kwamba mimi naweza kubaki hukohuko kwetu.

Nikapiga ukelele. Sikuupanga, ulitoka wenyewe.

Nikasikia miguu inakuja mbio. Tata alitokea mlangoni, panga bado mkononi, anahema. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshakanyaga saruji ya kizingiti. Akautazama, akaurudisha nje, akanigeuzia mgongo. Nikauambia mgongo ule kwamba hakuna baya, kwamba mashine imepona na kazi nitaifanyia hapahapa.

Kisha akauliza mwenyewe, bila kupitia kwa mama.

"Kwa hivyo mjukuu wangu haendi?"

"Haendi, Tata."

Akaitikia kwa kichwa. Niliona kiwiko chake kikiinuka usoni, kikashuka, kisha akateremka shambani bila kugeuka.

Baadaye kidogo mama akaniita jikoni. Juu ya meza kulikuwa na mkungu mzima wa ndizi, mkubwa kuliko binti yangu.