Udongo wa Nyuma ya Nyumba ya Mama

Mdogo wangu Nyangeta alikuwa na mimba ya miezi mitano, na hamu yake ilikuwa moja tu: udongo. Wala si ule wa sokoni Bunda, huo aliutema. Alitaka udongo mweupe wa ukingo wa ziwa, nyuma ya nyumba ya mama, tuliokuwa tukiumung'unya utotoni kama pipi. Mimi mwenyewe nikiwa mjamzito niliula, kwa hiyo sikumcheka. Nilibeba kikapu nikaondoka.

Asubuhi niliiacha Manyamanyama, mtaa wetu wa Bunda, kwa basi la Musoma. Njia panda ya Butiama nilijikuta natabasamu peke yangu, maana hapo ndipo mama alipokuwa akituambia tuvae viatu, tumekaribia kwetu. Mama hayupo tena, lakini miguu yangu bado ilitafuta viatu chini ya kiti.

Nyasho, mjini Musoma, nilishuka, nikamnunulia shangazi sukari na sabuni, kisha nikapanda pikipiki hadi kijijini. Mvua ilikuwa imepita muda si mrefu. Harufu ya udongo ule ilinipokea kabla ya mtu yeyote, mate yakanijaa mdomoni na machozi yakanilengalenga. Nilitamani kuwa mtoto tena.

Shangazi, ambaye siku hizi ndiye anayekaa nyumba ya mama, alikuwa akianika dagaa. Akanitania kwamba nimenenepa kama mke wa diwani. Nilipomwambia nilichokifuata, kicheko kikamwisha. Akanishika mkono hadi ukingoni. Juu yake, palipokuwa na shamba letu la mihogo, sasa kulikuwa na mashine za kusaga mawe ya dhahabu na malundo ya marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa kwa zebaki. Mvua ikinyesha, maji yake huteremkia kwenye udongo wetu, kisha ziwani.

Niliokota bonge. Lilikuwa jeupe vilevile. Nikasema tutalichoma motoni, kama mama alivyokuwa akifanya.

"Weka chini, mwanangu," shangazi alisema. "Na mimi nilisemaga hivyohivyo. Nesi akatuambia zebaki haifi na moto, inakuwa moshi, unaivuta. Mjamzito akiila, inafika kwa mtoto tumboni, inamharibu akili. Ule tulikuwaga tunakula zamani sio huu."

Nikaketi palepale nikalia. Nililia udongo, nikamlilia na mama.

Kabla sijaondoka, shangazi alinipa na neno jingine la yule nesi: mara nyingi hamu hiyo ni dalili ya upungufu wa damu, kwa hiyo Nyangeta aende kliniki. Njia nzima niliwaza kwamba siku zote nilidhani kitu cha kwetu hakiwezi kutudhuru. Kumbe kwetu nako kunaweza kuharibika, na kukabaki na sura na harufu ileile.

Jioni nilifika kwa Nyangeta na kikapu kitupu. Nilisimama mlangoni nisafishe viatu kwa maji ya jagi. Tope lilipolowa, harufu ikapanda, na pazia likafunguka.

"Dada, umeuleta," alisema, mkono umeshanyooka.

Nikamweleza yote. Alisimama akivuta ile harufu na kumeza mate, mkono mmoja tumboni. Kisha akanipokonya jagi, akavimwagia viatu vyangu maji yote yaliyobaki, hadi tope lote likatoka.