Kiti cha Kumrudisha Pengo

Ofisini walimwita Mama Mawingu, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu: meza mbili, pangaboi la kusuasua, na dirisha lililotazama matangi ya maji ya jengo la nyuma. Bosi wake alikaa karibu na mlango akipokea wateja. Yeye alikaa ndani, mbele ya kompyuta, akiwatafutia watu viti.

Alikuwa na kipaji kilichomlisha. Aliweza kumpatia mtu daraja la biashara, hasa kwenye zile safari ndefu za kuvuka Atlantiki, kwa bei isiyomlazimu kuuza nyumba. Wafanyabiashara, wachungaji na wake wa wakubwa walipanda ngazi kumfuata. Aliwaambia kuwa bei ya kiti hupanda na kushuka kama homa, na anayeipata ni yule aliye tayari kukaa na mgonjwa. Wasisafiri Ijumaa wala Jumapili. Wakubali kubadilisha ndege njiani. Wasiyadharau mashirika madogo, maana huko daraja la mbele mara nyingi huondoka nusu tupu. Na zaidi ya yote, waulize aina ya ndege. Zipo ndege mpya ambazo kiti hulala kikawa kitanda sawasawa, na zipo kuukuu ambazo kiti hulala kikiinama kama ubao wa kutelezea watoto. Tiketi huandikwa daraja lile lile. Tofauti huijua mgongo.

Mdogo wake wa kiume alikuwa ng'ambo ya bahari hiyo hiyo. Tangu utotoni walimwita Pengo, kwa sababu meno yake ya mbele yalichelewa kuota mpaka mama yao akaanza kuwa na wasiwasi. Kule alifanya kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala. Alioa, ndoa ikavunjika, na watoto hakujaliwa. Mgongo ulipoanza kumuuma alisingizia mizigo, akameza vidonge akaendelea. Ilipojulikana kuwa ni kansa, ilikuwa imeshaingia kwenye uti wa mgongo, na madaktari walikuwa wameanza kuzungumza naye kwa ule upole unaotisha.

Hakutaka kufia ugenini. Alimpigia dada yake akamwambia, bila kulia, kwamba anataka kufa akimsikia mama akigombana na redio.

Daktari alimruhusu kwa sharti moja: asafiri amelala, tena amelala chali sawasawa. Kukaa wima au mshazari kungekandamiza mifupa iliyokwisha kuliwa na maradhi. Mama Mawingu aliulizia kwanza machela. Mashirika yalimjibu kuwa itabidi safu kadhaa za viti ziondolewe, na bei waliyomtajia ilikuwa ya kuuza nyumba kweli.

Kilichobaki kilikuwa kazi yake mwenyewe. Alijifunga kibwebwe. Alitafuta asubuhi kabla ya wateja na mchana wenzake wakila, siku hii na ile, kwa njia hii na ile. Mashirika makubwa hayakushikika. Mwishowe akakipata: shirika dogo, safari ya katikati ya wiki, kubadilisha ndege mara moja tu, na katika safari zote mbili ndege mpya, kiti kinacholala kikawa kitanda. Akiba aliyokuwa amejiwekea ya kiwanja ikaenda yote. Bosi aliisamehe kamisheni ya ofisi bila kuombwa. Siku nyingine angetania kwamba rahisi ni ghali. Siku hiyo alimpa mkono tu.

Siku ya safari Mama Mawingu alifika kazini mapema, akafungua kompyuta kuona kama ndege imechelewa. Haikuwa imechelewa. Ilikuwa imebadilishwa. Ile mpya iliyokuwa ivuke bahari imepelekwa kwingine, na mahali pake imewekwa kuukuu. Alisoma aina yake, akasoma tena kana kwamba maandishi yatamwonea huruma.

Alilipigia simu shirika. Mtu mwenye sauti ya adabu alimweleza kwamba abiria hajapunguziwa chochote, daraja ni lile lile na huduma ni zile zile. Akatafuta kiti kingine popote. Kilichokuwa karibu kwa bei ambayo angeweza hata kukopa kilikuwa cha wiki kadhaa mbele, na Pengo hakuwa mtu wa kuahidiwa wiki. Ndipo akampigia mdogo wake. Tayari alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amesogezwa mpaka mlango wa kupandia ndege.

Kabla hajafungua kinywa, Pengo akamtangulia.

“Dada, nimeshawaaga wote. Wauguzi wamelia, mimi sikulia. Nasikia hicho kiti chako kinakuwa kitanda kabisa.”

Mama Mawingu aliyatazama matangi ya maji.

“Ndiyo,” akasema. “Ukiingia tu, waambie wakulaze.”

Simu ilipokatika, akabaki ameishika. Mteja aliingia akitaka bei za kwenda na kurudi. Bosi akamwambia arudi kesho.

Pengo alifika siku iliyofuata, uso umempauka kama majivu. Walimlaza chumba cha mbele, nyumbani kwa mama yao, kitanda kimeelekezwa dirishani. Mama alipomuuliza habari za safari, alicheka, na lile pengo la zamani likaonekana upya, maana kule meno mawili yalikuwa yameng'oka.

“Nimelala kama mfalme, Mama. Dada amenileta kwako nikiwa kitandani.”

Jioni Mama Mawingu alimwogesha. Alipomvua soksi, zikakwama. Visigino vilikuwa vimechubuka mpaka nyama nyekundu, na malengelenge yamepasuka pembeni. Alielewa papo hapo. Kiti kilikuwa kinamtelezesha kuelekea chini, naye alikuwa amejikaza kwa miguu, akisukuma ubao wa mbele, bahari nzima, ili mgongo usikunjike.

“Viatu vipya,” Pengo akasema, bila kuulizwa.

Alikuwa amefika amevaa soksi na ndala. Dada mtu akaleta maji ya vuguvugu, akaviosha visigino, akavifunga kitambaa.

Wakakaa hivyo, kila mmoja akimlinda mwenzake kwa uongo wake. Mama aligombana na redio kama ilivyotakiwa. Visigino vilianza kupona huku mwenye navyo akizidi kwisha. Alikula kijiko, kisha nusu kijiko, kisha akawa anashikilia kijiko tu ili mama asihangaike.

Mchana mmoja mama alikuwa ametoka kwenda dukani. Dada alikuwa akimgeuza ubavu, Pengo akamshika mkono.

“Kile kiti kilikuwa kinateremka.”

“Najua.”

“Umejua lini?”

“Kabla hujapanda. Nilikupigia nikuambie.”

Pengo alifumba macho.

“Ungeniambia, ningepanda hivyo hivyo,” akasema. “Lakini ningejua la kuombea. Mimi nilidhani kimeharibika. Nikawa nawabonyezea kengele, wanakuja, wanaondoka. Nikadhani mimi ndiye sijui kukitumia.”

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomkata dada maini. Aliomba radhi. Pengo akamwambia asamehewe kwa nini, wakati bila yeye angekuwa chini ya udongo wa watu wengine. Kisha akaomba ageuzwe upande wa pili.

Alifariki siku chache baadaye, asubuhi, redio ikiwa imewashwa.

Bosi, kwa nia njema, alikuwa amewaandikia wenye ndege malalamiko. Jibu lilikuja baada ya mazishi. Walisikitishwa na usumbufu, wakatoa vocha ya safari nyingine, daraja la biashara, itumike na abiria mwenyewe tu na isihamishwe kwa mtu mwingine. Mama Mawingu aliisoma amesimama, akairudisha kwenye meza ya bosi. Haikuzungumzwa tena.

Aliendelea na kazi, kwa kuwa tumbo halina likizo. Wateja hawakuona tofauti, isipokuwa kwamba siku ya safari ya kila mmoja wao, yeye alikuwa akiamka mapema na kuifuatilia ndege hiyo kwenye kompyuta mpaka iruke. Na kama imebadilishwa, humpigia mwenye safari na kumwambia, hata kama ameshafika mlangoni, hata kama atamtukana. Wengine humtukana kweli.

Nyumbani ndipo palipobaki pagumu. Mama yao, kila mgeni aingiapo kumpa pole, humsimulia jinsi mwanawe alivyovuka bahari amelala kitandani kama mfalme, kwa juhudi za dada yake. Huisimulia vizuri, kwa fahari, akimshika binti yake begani. Akifika hapo, Mama Mawingu huinuka taratibu, akasema anakwenda kuangalia chai jikoni, hata kama wageni wameshakunywa.