Arusi Iliyokwenda Kuona Piscine

Umewahi kufukuzwa penye shimo ulilochimba kwa mikono yako? Kama bado, usiniambie nchi hii imekwisha kupata uhuru. Soma kwanza habari za shangazi yangu, Tantine Colette.

Anauza samaki wakavu katika soko la Likasi, na hajui kushusha sauti. Mwaka wa 1973 kaka yangu Firmin alimwoa Marceline, msichana wa kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Tshangalele. Wazee wetu wakamkabidhi Colette wageni wa upande wa msichana: awalishe, awatembeze mjini, wasidharauliwe na mtu. Kwetu kazi hiyo si ndogo. Mjomba wa bibi arusi ndiye anayemtoa, na anamtoa kwa kula. Akikataa kuku wa wakwe, anarudi kijijini na mtoto wake.

Mjomba Symphorien alishuka kwenye lori Jumamosi asubuhi, akaletewa kuku, akaisukuma sahani.

"Nitakula nikiisha kuona piscine," alisema.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Wakati ya Babelgiji tulichimbaka ile shimo na pelle, miye na ndugu yangu Urbain. Udongo ilimuangukia mule, akafa. Mbele ya kutia maji, walitufukuza. Miye muvuvi, na ziwa niliyochimba sijaonaka."

Piscine hiyo, bwawa la kuogelea, ni ya klabu ya wakubwa wa kampuni ya migodi. Wazungu walikuwa wamepungua, ndugu zetu wenye vyeo wakaingia katika maji yao, na kibao cha mlangoni kikabaki kilekile: wenye kadi tu. Firmin, anayefanya kazi katika kiwanda cha kampuni hiyo, aliingiwa na hofu.

"Tantine, tuwapeleke ku gare ya treni, wapige foto. Miye ni mufanyakazi, munihurumie."

"Unataka bibi ao unataka chef?" Colette alimwuliza.

Basi tukatoka. Wanawake wamevaa kitenge kimoja, wanaimba, wanapiga beseni badala ya ngoma. Tulipita soko, tukapita gare, tukapanda barabara ya nyumba za wakubwa hadi mlango wa klabu. Mlinzi alikuwa Georges, anayeimba kwaya moja na Colette.

"Mama Colette, murudie. Hapa ni ya bakubwa, ba-cadres."

"Weye Georges, ulishaonaka arusi inarudia njia ilikuja nayo?"

Kwetu msafara wa arusi haurudi nyuma. Anayeurudisha amevunja ndoa, na nyumba ile ikikosa watoto, jina lake ndilo linalotajwa. Mimi nimesoma chuo kikuu, siamini mambo hayo. Georges anaamini.

"Sema tena 'murudie'," Colette alimwambia. "Pole-pole, mama ya bibi arusi asikie muzuri."

Georges alitazama juu, akatazama viatu vyake. "Miye naenda kukojoa," akasema, akaondoka na kuacha mlango wazi.

Ndani, wakubwa walikuwa wamelala kwenye viti virefu. Mjomba Symphorien alivua viatu, akaketi ukingoni, akatia miguu majini hadi magotini. Alichota maji kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Haina samaki," alisema. "Ziwa ya bure."

Meneja wa klabu alikuja mbio katika abacost yake, suti isiyo na tai. "Citoyenne, jina lako nani?"

"Colette."

"Majina ya kizungu yamekatazwa na Chama."

"Na kuogelea ya kizungu, Chama haikukataza?"

"Kesho mtanijua," meneja alisema, akaenda kuita walinzi wengine.

Colette hakumngoja. Alifunua sinia ya kuku aliyokuja nayo. Sisi wa upande wa Firmin tukageuza migongo, kwa maana wakwe hawatazamani wakila, na Mjomba Symphorien akala kuku wetu, miguu ikiwa ndani ya maji. Marceline alikuwa ametolewa. Walinzi walitusukuma nje kwa mlango wa nyuma, nao wakatusaidia: hata hapo arusi haikurudi nyuma.

Asubuhi iliyofuata tuliwasindikiza wageni kwenye lori. Tulipofika kwenye ua wa waya wa klabu, maji yalikuwa yanashuka kwa nguvu katika mfereji wa barabara. Walikuwa wanaimwaga piscine kwa sababu ya miguu ya mvuvi. Georges alikuwa chini kabisa, ndani ya shimo, suruali imekunjwa, anasugua sakafu kwa brashi.

Mjomba Symphorien alishika waya. Kisha akamwita Marceline.

"Jana maji ilikuwa inaficha," alimwambia. "Angalia kule, penye kona, chini ya ngazi. Ni pale mujomba wako Urbain alilala."

Georges alisikia. Alivua kofia, akasogea mbali na pembe ile, akaiacha bila kuisugua. Na Tantine Colette alikuwa amechuchumaa penye mfereji, anaosha sufuria ya arusi kwa maji yao, huku akimwambia kila mwanamke aliyepita akalete ndoo.